Namna ya kutengeneza chembe nano zisizogombana na kinga ya mwili

Dogo mmoja wa kwetu Mikindani, mtoto wa mama mdogo, anasoma kemia mwaka wa mwisho, alinitumia meseji usiku kwamba kaka nimepata, nimetengeneza chembe nano za silva kwa majani ya mkorosho, rangi imetoka njano safi kabisa, nataka niandike kwenye ripoti kwamba ni salama kwa kinga ya mwili maana ni za asili, na bibi ana kidole kimechubuka nataka nimpake kidogo tuone. Nikamjibu kwanza usimpake bibi. Halafu nikamuuliza, hicho kidole cha bibi kimechubuliwa na nini? Akasema korosho. Nikamwambia sasa korosho nayo si ya asili?

Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua. Yale mafuta meusi ya kwenye ganda yakikugusa ngozi inaungua, ndo maana watu wanapaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi. Lakini kuna wengine tone dogo tu likiwagusa, siku mbili baadaye mkono umevimba unawasha mpaka usiku hawalali, na hao siyo tena mafuta yanayowaunguza, ni kinga yao wenyewe. Kilichomo kwenye mafuta yale (ndugu yake yumo kwenye utomvu wa embe) kinajibandika kwenye protini za ngozi, sasa kinga ikipita inakuta protini ya nyumbani imevaa shati ambalo haijawahi kuliona, inapiga kelele za mwizi.

Chembe nano, yaani punje ndogo mno inayopimwa kwa nanomita (nm, sehemu moja ya milioni ya milimita), ikiingia kwenye damu mambo ni yale yale. Damu haioni silva yako wala dhahabu yako. Ndani ya muda mfupi sana protini zimeshaizingira na kuigandia, albumini, faibrinojeni, kingamwili, pamoja na zile za mfumo wa komplimenti ambazo kazi yake ni kumpaka mgeni alama ili seli walaji waje wammeze. Hao walaji, makrofeji, wamejaa kwenye ini na kwenye bandama. Kwa hiyo kazi yako wewe mtengenezaji siyo kuchagua madini mazuri halafu basi, kazi yako kubwa ni kusimamia nini kinagandia pale juu, na nusu ya hiyo kazi ni usafi wa kawaida kabisa ambao watu wanaudharau. Na siyo kila kinachogandia ni adui. Onpattro, dawa iliyopitishwa Marekani mwaka 2018, imebebwa kwenye vitone vya mafuta vya nano ambavyo vikifika kwenye damu vinagandiwa na protini inaitwa apolipoprotini E, na hiyo ndo inavipeleka kwenye seli za ini kunakotakiwa. Waliitumia, hawakupigana nayo.

Haya tuingie jikoni.

Kabla ya yote amua inaenda wapi. Juu ya ngozi nzima, kwenye kidonda, kwenye mshipa, kwenye mapafu, hizo ni nchi tofauti. Chembe inayokaa kimya kwenye ngozi inaweza kuleta balaa kwenye pafu, waulize wanaopuliza salfa kwenye mikorosho bila kufunga pua, salfa ile ile ipo mkononi hamna shida ila ikiingia kifuani wanakohoa. Uamuzi huu unabadilisha mpaka hesabu. Dawa ya kwenye mshipa inaruhusiwa endotoksini (uchafu wa bakteria, nitaueleza sasa hivi) isizidi uniti 5 kwa kila kilo ya mtu kwa saa moja, ya kwenye uti wa mgongo ni 0.2 tu. Mtu wa kilo 60 basi mwisho wake ni uniti 300 kwa saa, na kama unampa mililita 10 ndani ya saa hiyo ina maana kila mililita isizidi 30. Andika namba yako kwenye karatasi ubandike ukutani kabla hujashika chupa.

Sasa hiyo endotoksini ndo nataka tukae nayo, maana hapa ndo watu wengi wanaanguka bila kujua kama wameanguka. Ni vipande vya ganda la nje la bakteria wa aina ya gram-hasi. Bakteria akifa ganda linabaki, na kinga ya binadamu inalijua ganda lile kuliko kitu chochote, kidogo sana tu kinatosha kumpandisha mtu homa na kutetemeka. Ukiweka kwenye autokrevu nyuzi 121 bakteria wote watakufa sawa, ila magamba yapo. Ni kama dagaa walioharibika, chemsha utakavyo, wadudu watakufa lakini aliyekula ataumwa tumbo palepale.

Mimi nilipoteza karibu miezi miwili kwa hili. Nilikuwa maabara fulani nafanya chembe za dhahabu, kila nikizichanganya na seli nyeupe za damu zinatoa viashiria vya uvimbe vingi ajabu, IL-6 na TNF zinapanda mpaka juu, nikawa nimeshaanza kuandika kwamba dhahabu ya saizi hii inachokoza kinga. Kuna mama mmoja alikuwa anaosha vyombo pale maabara akaniuliza tu, we maji unachota wapi? Nikamwonyesha dumu la maji yaliyokenekwa chini ya sinki. Akaniambia tia kidole. Nikatia kidole ndani ya shingo ya dumu nikapapasa ukuta wake, utelezi, utelezi kabisa kama mtungi ambao haujasuguliwa tangu masika. Yale maji nilikuwa nayapika kwenye autokrevu kila siku nikijiona msafi. Nikabadilisha maji, nikatengeneza upya, zile seli zikanyamaza. Dhahabu haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo fanya hivi. Vyombo vya glasi vyote vipike kwenye oveni kavu nyuzi 250 kwa dakika 30, hiyo ndo inaunguza magamba yenyewe, funga na foili kabla ya kuingiza ili vikitoka visichafuke. Vya plastiki usipike, nunua vilivyoandikwa havina pairojeni (vitu vya kumpandisha mtu homa). Maji tumia ya sindano, kiwango chake ni chini ya uniti 0.25 kwa mililita, na kama maabara yenu hayapo basi vile vichupa vidogo vya kuchanganyia sindano vya famasi vinakusogeza kwa kazi ndogo, ghali kidogo ukijumlisha ila siyo kama miezi miwili. Na majani ya mkorosho dogo, yale yamenyeshewa, yamekaliwa na ndege, yamepigwa vumbi la barabara ya Newala, ukichemsha ile supu yake umeua bakteria ukabaki na magamba yao ndani, halafu chembe nano zinayapenda magamba hayo, yananatia juu yake na kuyatoa baadaye ni shughuli nzito. Filta yenye vitundu vya mikroni 0.22 itazuia bakteria, magamba yatapita. Ndo maana nasema usafi unaanza mwanzo, hamna kusafisha mwishoni.

Kupima unapima kwa LAL, kemikali inayotokana na damu ya bluu ya yule kaa-kiatu wa pwani ya Marekani. Ya jeli ndo rahisi: unaweka sampuli na kemikali sawa kwa sawa kwenye kitube, nyuzi 37 kwa saa moja bila kukitikisa hata kidogo, halafu unakipindua juu chini taratibu. Ikibaki imeganda kule juu kama ute wa yai lililochemka nusu basi endotoksini ipo, ikitiririka ipo chini ya kiwango cha kipimo. Tatizo ni kwamba chembe nano zinadanganya vipimo. Ile LAL ya rangi inasomwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa 405 nm, na silva yenyewe inanyonya mwanga hapohapo kwenye 400 na kitu, kwa hiyo mashine inasoma silva yako inakuambia endotoksini. Na inaweza ikawa kinyume, silva ikabana vimeng'enya vya kipimo ukapata sifuri ya uongo ukafurahi. Dawa yake: chukua sampuli yako, ongezea endotoksini unayoijua kiasi, pima uone kama unairudisha. Ikirudi kati ya asilimia 50 na 200 kipimo kinaaminika, ikirudi 12 hicho kipimo hakijakuambia kitu, punguza makali ya sampuli kwa maji safi urudie. Halafu filta za selulosi zinatoa glukani (aina ya sukari ndefu) ambayo LAL nayo inaiitikia, kwa hiyo ukiona uniti zinapanda baada ya kuchuja shuku filta kwanza, au tumia kipimo cha faktori C ya kutengenezwa maabara (ile protini ya kaa inayonusa endotoksini), hicho hakishtushwi na glukani, na kaa hajaumizwa.

Tukitoka hapo, osha mabaki. Ukitengeneza vijiti vya dhahabu kwa CTAB ile sabuni inabaki imevaa vijiti na inayoelea inatoboa seli, ukitengeneza silva unabaki na ayoni za silva ambazo hazijageuka. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga, ongeza maji safi, rudia, au weka kwenye mfuko wa dayalisisi ubadilishe maji. Halafu, na hili watu hawafanyi kabisa, chukua yale maji ya juu ya mzunguko wa mwisho, yasiyo na chembe, ukayajaribishe peke yake kwenye seli. Yakiua seli na yenyewe basi muuaji siyo chembe, ni kilichobaki kwenye maji.

Jaribio la chumvi ni la dakika tano na halina gharama. Chembe zako zikiwa kwenye maji matupu zinasukumana kwa chaji ndo maana zinaelea vizuri, ila damu siyo maji matupu. Chukua vitube vitatu vya Eppendorf, kimoja weka chembe na maji, cha pili chembe na chumvi ya dripu ya asilimia 0.9, cha tatu chembe na plazma au seramu. Acha upande wa karatasi nyeupe, angalia. Silva ya njano ikigeuka kijivu, au dhahabu nyekundu ikienda zambarau mpaka bluu, zimeshikana mabonge, na bonge siyo tena chembe ya nm 20 uliyoiandika kwenye ripoti, ni kitu kingine ambacho bandama itakichuja na mapafu yanaweza kukinasa. Ukubwa wako halisi ni ule wa ndani ya seramu, siyo ule wa picha ya darubini.

Kuhusu ukubwa na umbo sitakaa sana. Unywele mmoja una unene wa karibu nm elfu 80 mpaka laki moja, seli nyekundu ya damu kama 7,000, chembe nano tunaongelea 1 mpaka 100. Zilizo chini ya nm 5 au 6 hivi figo inaweza kuzitoa kwenye mkojo, za juu zaidi ya hapo zinaishia ini na bandama. Umbo la kuogopa ni refu na gumu. Mwaka 2008 watafiti Uingereza walionyesha kwenye panya kwamba mirija mirefu ya kaboni inaleta uvimbe kama wa asbesto, kwa sababu seli mlaji anaanza kumeza anakuta kitu kirefu kuliko yeye, hawezi kukimaliza wala kukitema, anabaki amepanua mdomo anamwaga vimeng'enya na sumu pembeni. Fupisha, au achana nayo.

Chaji je? Chaji chanya kali inanata kwenye ukuta wa seli ambao ni hasi na kuuchana. Lakini RNA, ule ujumbe unaobebwa ndani ya baadhi ya chanjo, nayo ni hasi na inahitaji chaji chanya kuishika, sasa walifanyaje kwenye zile chanjo za Pfizer na Moderna? Walitumia mafuta yanayobadilika, kwenye damu ambako pH ni 7.4 yanakaa karibu bila chaji, yakishamezwa na kuingia kwenye kifuko chenye tindikali ndani ya seli ndo yanakuwa chanya na kufungua mlango. Akili sana hii. Na mzigo wenyewe ulibidi unyamazishwe, maana RNA ya kawaida ya kutengenezwa maabara inaamsha kinga kabla haijafanya kazi, Katalin Karikó na Drew Weissman wakaonyesha mwaka 2005 kwamba ukibadilisha herufi moja, uridini ukaweka sudouridini, kelele inapungua, kazi iliyowapa Nobel 2023. Yani unaweza ukatengeneza gari zuri ukasahau kwamba abiria ndo mgomvi.

Halafu koti. Koti linalojulikana ni PEG, nyuzi zinazopenda maji zinazosimama juu ya chembe kama nyasi, protini zikija hazipati pa kukaa. Linafanya kazi kweli na chembe inadumu kwenye damu muda mrefu. Ila usiliamini kama hirizi. PEG imo kwenye dawa za tumbo, kwenye krimu, kwenye vipodozi, na kuna watu tayari wana kingamwili dhidi yake bila kuwahi kuchomwa dawa ya nano. Na hata asiyekuwa nazo, dozi ya kwanza inaweza kuzitengeneza, ya pili ikija siku chache baadaye inakamatwa na kupelekwa ini haraka kuliko ya kwanza, hili limeonekana kwenye wanyama mara nyingi. Kwa hiyo usipime dozi moja ukafunga daftari, rudia baada ya wiki. Wengine wanatumia makoti yenye chaji chanya na hasi zilizolingana, na kuna kundi la San Diego ambalo mwaka 2011 lilivisha chembe ngozi halisi ya seli nyekundu za damu, kinga ikiangalia inaona ndugu. Napenda wazo lile kuliko PEG, ila kwa maabara ya chuo huku kusini anza na PEG au albumini maana unazipata.

Sasa damu yenyewe. Hemolisisi, yaani kupasuka kwa seli nyekundu, ni kipimo ambacho kila mtu anaweza: damu iliyowekwa dawa ya kuzuia kuganda, ichanganye na chembe, nyuzi 37 kwa saa tatu, zungusha, angalia maji ya juu. Yakiwa meupe seli zipo salama, yakiwa mekundu kama juisi ya choya zimepasuka. Weka kitube cha maji ya chumvi tu, kitube cha sabuni ya Triton ambacho kinapasua zote, na kitube cha chembe bila damu, hicho cha mwisho usikiache maana tunasoma kwenye 540 nm na dhahabu inanyonya mwanga jirani na hapo, utasoma dhahabu useme damu. Chini ya asilimia 2 wanahesabu haipasui, juu ya 5 inapasua. Baada ya hapo pima komplimenti na chembe sahani za damu kama una uwezo. Ile taasisi ya Marekani ya kupima chembe nano za saratani, NCL ya Frederick Maryland, imeweka taratibu zake zote wazi bure, pakua ufuate hatua kwa hatua badala ya kujitungia. Na damu ya mtu hata ya rafiki yako wa hosteli unahitaji kibali cha maadili, usichukue kienyeji.

Panya usimwamini peke yake. Kuna aina ya mshtuko unaofanana na aleji lakini hauhitaji uwe umewahi kukutana na dawa, komplimenti inawaka papohapo kwenye dozi ya kwanza, kifua kinabana, uso unawaka, presha inashuka. Panya anahimili dozi kubwa bila kuonyesha kitu, nguruwe anaanguka kwa dozi ndogo sana kwa sababu ana makrofeji kwenye mishipa ya mapafu. Binadamu wengi wako katikati, wachache wako kama nguruwe.

Na hapo ndo spidi inaingia. Doxil, dawa ya saratani ndani ya liposomu (kifuko kidogo cha mafuta) iliyopitishwa Marekani mwaka 1995, inaanzishwa kwa miligramu 1 kwa dakika, ikitulia ndo wanaongeza. Feraheme, madini ya chuma ya nano yenye koti la sukari, ilipitishwa 2009 ikiwa inasukumwa kwa sindano ya haraka, watu wakapata mshtuko na wengine wakafa, mwaka 2015 ikawekewa onyo kali na ikawa lazima itiririke kwenye dripu angalau dakika 15. Dawa ile ile, kilichobadilika ni mkono wa nesi. Onpattro mgonjwa anapewa kwanza deksamethasoni ya kutuliza kinga, paracetamol na dawa mbili za kuzuia histamini saa moja kabla, halafu dripu inakwenda kama dakika 80. Kwa hiyo shemeji akiwekewa dripu ya chuma kwa ajili ya upungufu wa damu, akaambiwa asiondoke akae nusu saa aangaliwe, asinune, chuma kile nacho ni chembe nano zenye koti la sukari. Wewe mtengenezaji andika spidi kwenye maelezo ya dawa yako, ni sehemu ya dawa.

Kuhusu kumpaka bibi, hapana. Kuna watu wanauza maji ya silva ya kunywa wanasema nano inaongeza kinga, anayekunywa muda mrefu ngozi inaweza kugeuka rangi ya bluu-kijivu na hairudi. Kupeleka kwa mtu hapa Tanzania kuna NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, kwa maadili, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa dawa, na kabla ya wao kuna hayo yote ya juu. Kidole cha bibi kioshwe kwa sabuni na maji kifunikwe, kikitoa usaha aende zahanati.

Juzi kanitumia picha ya vitube vitatu kwenye karatasi nyeupe. Cha maji njano, cha seramu njano iliyofifia kidogo, cha chumvi kijivu na chini kuna vumbi. Akauliza kaka hii ndo nini. Nikamwambia anza na hicho cha kijivu, na hilo dumu lenu la maji lipo wapi, tia kidole.